Mbuga Niliyoiandika Kuwa Tupu

Jumapili, tarehe 19 Oktoba. Asubuhi: upepo wa kusini-mashariki, vumbi, anga jeupe, hakuna wingu hata moja.

Mwanangu Sechelela,

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila kitu, na wewe umenicheka kwa hilo tangu ulipojua kusoma. Ulikuwa unachukua daftari langu mezani unasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Asubuhi, wingu jepesi. Mchana, jua kali. Mama, amechoka." Hilo la mwisho sikuwa nimeliandika, uliliongeza mwenyewe. Mara nyingi lilikuwa kweli.

Sasa umelala chumbani kwako, au unajifanya umelala. Begi liko mlangoni. Habari za sabuni, shuka, cheti cha daktari na namba ya dereva tulizimaliza jana, tena mara mbili, na sitazirudia. Kesho kabla ya jua kutoka baba yako atakubeba kwa pikipiki mpaka barabarani, utapanda basi la kupitia Kondoa, na mimi nitabaki hapa mlangoni. Nilitaka kukuambia jambo moja kwa mdomo. Nilijaribu Ijumaa. Nilijaribu jana tulipokuwa tunachambua mlenda. Nimejaribu leo tukitoka kanisani. Kila mara nilianza, nikaishia kukuuliza kama umepakia soksi. Kwa hiyo naliandika.

Ni kuhusu mbuga.

Wenzako wa chuo wakisikia umekulia mbugani watafikiri simba na magari ya watalii. Itabidi uwaeleze kwamba kwetu mbuga ni lile bonde pana la udongo mweusi nyuma ya vilima, lisilo na mti wa maana, ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni nyasi kavu na nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na miezi iliyobaki ni maji, majani na kelele. Wewe uliijua katika hali zote mbili. Mimi pia. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kwamba mimi pia niliijua.

Ulikuwa darasa la tano. Kijiji kilitakiwa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na kwenye mkutano wa hadhara nikachaguliwa katibu wa kamati. Walinichagua kwa sababu nina kidato cha nne na mwandiko unaosomeka, na kwa sababu kila mtu alijua kwamba naandika. Mwenyekiti alisema, "Mama Seche hata kuku akitaga anaweka tarehe." Watu wakacheka. Mimi nilifurahi, nisikufiche. Nilinunua kalamu mbili mpya, ya bluu na nyekundu.

Tuliizunguka ardhi yote ya kijiji kwa miguu siku nne, pamoja na kijana mpimaji aliyetumwa kutoka mjini. Alikuwa na karatasi kubwa zenye safu tatu: Eneo, Matumizi ya Sasa, Matumizi Yanayopendekezwa. Yeye anapima, mimi najaza. Mbugani tulifika siku ya tatu, saa saba mchana, mwezi huu huu wa Oktoba. Palikuwa kama sakafu ya tanuri. Nyasi zilikuwa zimeliwa na zilizobaki zimechomwa, udongo umepasuka, hata kunguru hakuna. Kijana akajifuta jasho akaniuliza, "Mama, hapa pana nini?"

Nikatazama. Seche, nilitazama kweli. Na nilikuwa na kanuni yangu, ile niliyokufundisha hata wewe: andika ulichokiona, usiandike ulichosikia wala unachodhani. Sikuona kitu. Kwenye safu ya pili nikaandika: Hakuna.

Mzee Malogo alikuwa nasi, kwa kuwa wafugaji walitakiwa kutoa mjumbe wao. Unamjua, hakuna kikao alichowahi kukubaliana nacho. Akaegemea fimbo yake akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mbukwa, mwalimu," akasema, akinisalimu kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana siku hiyo. "Umekuja kutembelea watu, umekuta mlango umefungwa. Unaandika hakuna mtu?"

"Mzee wangu, naandika kilichopo leo."

"Nyumba ya aliyesafiri si gofu, mwanangu."

Kijana mpimaji akaangalia saa yake. "Mzee, bado tuna vilima vile."

Nilikuwa na kiu, miguu inaniuma, na lile neno "mwalimu" lilikuwa limenichoma, kwa sababu sikuwa mwalimu na yeye alijua nilivyotaka kuwa. Sikufuta. Kwenye safu ya tatu kijana akanitajia neno, nikaandika: Kilimo. Tukaenda vilimani.

Jioni hiyo daftari langu linasema hivi: "Jua kali. Tumemaliza mbuga. Malogo anapenda kubisha." Ndivyo nilivyoandika, na daftari nikalirudisha kwenye kibweta, juu ya madaftari ya miaka ya nyuma. Nimeyafungua sasa hivi. Nakunakilia machache.

"3 Desemba. Mvua ya kwanza ya maana. Vyura wameanza kulia mbugani, sauti kama ndama. Seche amekataa kula mpaka apelekwe kuwaona."

"28 Desemba. Korongo weupe wamefika. Wamefunika upande wote wa chini."

"16 Januari. Korongo wawili wenye taji wanajenga kiota kwenye majani marefu karibu na kidimbwi. Baba Seche anasema wanacheza vizuri kuliko kwaya yetu."

"9 Machi. Ndege tandawala mmoja, mkubwa kama beberu, anatembea mbugani kama mkaguzi wa shule."

"22 Aprili. Muhanga amechimba shimo jipya kando ya njia. Seche ameingiza kichwa chote. Nimemtoa kwa miguu."

Huo wote ni mwandiko wangu. Mkono ulioandika hayo ndio ulioandika Hakuna. Sikutishwa na mtu, sikuhongwa, hakuna aliyenidanganya. Nilikwenda mwezi mbaya, nikayaamini macho yangu ya siku moja kuliko miaka yangu yote.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kuandika kwangu kulianza na ndege. Sijui kama nimewahi kukuambia. Bibi yako hakujua kusoma. Mimi nilipofika darasa la tatu alininunulia daftari akanipa kazi: kila mwaka niandike siku kwelea kwelea wanapotokea kwenye uwele, ili mwaka unaofuata tuwahi kupanda ulingoni kuwawinga. Nilikuwa nashinda juu ya ulingo na kopo lenye mawe, napiga kelele mpaka sauti inakauka, nawachukia ndege wote wa dunia. Lakini ukikaa juu kuanzia alfajiri huwezi kuona kwelea kwelea peke yao. Nikaanza kuandika na wengine, kwa kujifurahisha. Na bibi yako, msimu ukikaribia, alikuwa hatazami angani. Alikuwa anakuja kwangu ananiuliza, "Mwaka jana walikuja lini?" Mbele ya ile safu nilikuwa na swali hilo tangu utotoni, mama yangu alishanifundisha, na halikunijia.

Mpango ulipita, ukapigwa mihuri. Miaka michache hakikutokea kitu nikasahau. Kisha alizeti ikapanda bei, matrekta ya kukodi yakaanza kufika kutoka upande wa Kibaigwa, na kijiji kikautazama mpango wake kikakuta eneo kubwa limeandikwa kilimo na halina mwenyewe. Likagawanywa. Hata Mzee Malogo alichukua. Nilimkuta anapima mipaka yake kwa hatua, na kabla sijasema neno akasema, "Wote wamechukua, mwalimu. Nibaki nachunga upepo?"

Nasi tulipata ekari mbili, upande wa juu. Alizeti ya pale ndiyo iliyokusomesha kidato cha tano na cha sita, na ndiyo inayokupeleka chuo cha wanyamapori. Nimejaribu kulisema hilo kwa namna nyingine, halisemeki kwa namna nyingine.

Siku trekta lilipoingia kwenye ekari zetu unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa kidato cha pili, uko likizo, mvua imechelewa. Tulikuwa tumempelekea baba yako chai na viazi vitamu. Dereva alikuwa anakwenda na kurudi, na nyuma yake udongo unageuka mweusi unang'aa. Ukasema, "Mama, mbona mawe yanatembea?"

Hayakuwa mawe. Walikuwa vyura, wale wakubwa wa mbugani, waliokuwa wamejifukia tangu mvua za mwaka uliotangulia wakisubiri mvua nyingine, kila mmoja amejifunga ngozi nyembamba kavu kama karatasi ya sigara. Jembe la trekta lilikuwa limewatoa kabla ya wakati wao. Wengine walikuwa wamekatwa. Waliokuwa wazima walifungua macho wakalitazama jua lile, wasijue la kufanya. Mwewe walikuwa wameshafika.

Ulimwaga maji ya kunawa, ukachukua ndoo, ukaanza kuwaokota. Dereva akapiga honi.

"Dada, toka huko. Unataka kukanyagwa na trekta kwa ajili ya vyura?"

"Subiri kidogo, kaka."

"Kidogo yako ni dizeli yangu."

Lakini alisubiri, kidogo. Ulijaza ndoo ukawapeleka kidimbwini, pale katikati ambapo udongo ulikuwa bado una unyevu chini, ukachimba kwa jembe la mkono ukawafukia tena, mmoja mmoja, kama mtu anayepanda viazi. Ukarudi na kujaza ndoo ya pili. Sijui walipona wangapi. Wewe pia hukujua. Baba yako alikuwa anakula viazi ameangalia pembeni. Uliporudi ulikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, ukaniuliza:

"Mama, nani alisema hapa hapana kitu?"

Ulikuwa umesikia watu wakisema ndivyo karatasi za kijiji zinavyosema. Mimi nilikuwa nafunga chupa ya chai. Nikasema, "Watu wa ofisini."

Hiyo ndiyo habari niliyoshindwa kuisema mlangoni mwa kanisa. Hakuna watu wa ofisini, Seche. Mtu wa ofisini alikuwa kijana mwenye kiu aliyeniuliza swali. Jibu nililitoa mimi.

Kwa muda niliweza kujiambia kwamba ulikuwa mtoto na umeshasahau. Kisha mwaka huu ukaniletea barua yako ya maombi ya chuo niipitie. Uliandika: "Mbuga ya kwetu iliandikwa kuwa tupu na watu wasioijua. Nataka kuwa mtu anayejua kabla ya kuandika." Niliisoma nimesimama jikoni, sufuria inachemka. Nikakusahihishia herufi kubwa mbili na nukta moja, nikakurudishia, nikasema ni barua nzuri. Na ilikuwa nzuri, ndiyo iliyokupatia nafasi. Mtu asiyeijua mbuga, uliyemwandika humo, ndiye aliyekufundisha majina ya ndege wake, na ulimpa aisome, akasema ni nzuri.

Hujui pia kwamba nilikwenda kujaribu kurekebisha. Ilikuwa baada ya ile siku ya ndoo. Ulikuwa umerudi shule. Nilifunga madaftari matano kwenye kitenge, nikapanda gari asubuhi, nikakaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi mjini mpaka mchana. Aliyenipokea hakuwa yule mpimaji, alikuwa mwingine, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akanisalimu shikamoo, akanivutia kiti.

"Mama, haya ni madaftari ya nini?"

"Kumbukumbu za mbuga yetu. Nataka ile safu ya matumizi irekebishwe. Iliandikwa vibaya."

"Nani aliijaza?"

"Mimi."

"Na haya nani kaandika?"

"Mimi."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Sasa mama, nikuamini wewe yupi?"

Nikamfungulia ukurasa wa korongo. Akausoma wote, taratibu, na nafikiri aliupenda. Kisha akauweka kando ya nakala ya mpango wetu. "Tazama," akasema. "Huu una muhuri. Hili lina mchuzi." Kweli lilikuwa na doa la mchuzi. Akanieleza kwamba mpango utapitiwa upya muda wake ukiisha, na kwamba kwa sasa watu wameshapanda pale, hata ingekuwa yeye ndiye mimi asingejua aanzie wapi. Akaniagizia maji ya kunywa. Nilitaka awe mtu mbaya. Ningepata wa kumkasirikia njia nzima ya kurudi. Nilirudi na madaftari yangu magotini, nikakuta baba yako amepika, akauliza nilikuwa wapi, nikasema kliniki.

Unaona jinsi uongo mmoja unavyohitaji jirani.

Sasa la pili, na hili ni la wiki hii. Jana jioni ulikwenda kukiaga kidimbwi. Uliniita nikaenda nawe. Umekuwa mrefu kuliko mimi, ulikuwa unatembea mbele na mimi natazama visigino vyako. Tulisimama kwenye ule ukanda wa majani makavu ambao trekta haliwezi kuufikia kwa sababu linakwama, na ukasema, "Mama, utafiti wangu wa mwaka wa mwisho nitakuja kuufanya hapa. Wewe niandikie tu tarehe kama kawaida. Vyura, korongo, kila kitu. Nitakuwa na kumbukumbu ndefu kuliko wenzangu wote." Nikasema sawa.

Haiko sawa. Alhamisi kamati ilikaa. Wenye mashamba ya chini wanalalamika kwamba mvua ikizidi alizeti inaoza mizizi, na ni kweli, mwaka juzi hata sisi ilitupata. Wamekodi mashine ya kuchimba mtaro wa kuyatoa maji kidimbwini mpaka mtoni. Inakuja wiki ijayo, mvua isije ikaanza. Mtaro ukichimbwa, maji hayatakaa pale hata wiki moja. Nilitaka kukuambia palepale tuliposimama. Ulikuwa unachimbachimba udongo kwa ncha ya kiatu ukisema, "Wako hapa chini sasa hivi, Mama. Wamelala." Nikashindwa.

Lakini Alhamisi nilisimama. Nataka hilo ulijue, ingawa halikusaidia. Niliweka kalamu chini nikaomba nafasi ya kusema, jambo ambalo katibu huwa halifanyi. Nikasema tuache hata pale katikati, ni kipande kidogo, ndipo wanapozalia.

"Wanazalia nani?" mwenyekiti akauliza.

"Vyura. Na wale korongo wawili wenye taji, kiota chao kimebaki pale tu."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kwani vyura wana mjumbe kwenye kamati?" Mwingine akamjibu, "Si ndiye huyo amesimama." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikatabasamu pamoja nao, sijui kwa nini. Mzee Malogo hakucheka. Alikuwa anatazama kofia yake.

Kisha Mama Nyemo, jirani yetu wa shamba la chini, yule mjane, akazungumza bila kusimama. Hakuwa na hasira. Alisema, "Dada, mwaka juzi mimi sikuvuna. Wako anakwenda chuo, tunamshukuru Mungu. Wangu watatu bado wako shule ya msingi."

Jibu la kumpa, Seche, nimelitafuta siku nne. Ukilipata huko unakokwenda, usinitumie mimi, mtumie yeye.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Aliyekataa mtaro nilikuwa mimi peke yangu. Mwenyekiti akasema, "Katibu, andika." Nikaandika. Mwandiko unasomeka vizuri.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Wala sikuandikii ili uahirishe safari, kwa sababu nakujua, unaweza kutoka barabarani na begi lako ukaenda kulala mbele ya mashine. Ukifanya hivyo utapoteza nafasi, mashine itasubiri siku mbili, kisha itachimba. Nimeshafikiria kila njia. Nimeorodhesha hata kwenye daftari, unanijua, na kila mstari nimeukata mwenyewe. Hakuna ninachoweza kufanya, na hakuna unachoweza kufanya, na mimi ndiye niliyetufikisha hapa kwa neno moja la herufi sita.

Sina mawaidha. Nina ile siku tu, na naweza kukupa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kazi unayoiendea ina karatasi nyingi zenye safu. Utafika mahali saa saba mchana. Utakuwa umechoka. Patakuwa na mwenyeji mmoja mbishi atakayekuambia jambo kwa kuzunguka, na neno lake moja litakuchoma, na utataka kumwonyesha kwamba umesoma. Mwenzako ataangalia saa. Hapo ndipo palipo. Hapatafanana kabisa na mahali pa kufanyia kosa kubwa, patafanana na mahali pa kumaliza kazi na kwenda kunywa maji. Uliza ni mwezi gani. Uliza mwezi wa pili walikuwapo akina nani. Na kama umeshaandika, futa, hata kama karatasi itachafuka. Mimi niliogopa kuchafua karatasi.

Na mtoto akikuuliza ni nani, sema ni wewe. Anaweza kukuchukia siku moja. Mimi nilikwepa siku hiyo moja, na sijui nimeiahirisha ikawa ngapi.

Madaftari yangu yote nimeyaweka chini kabisa ya begi lako, chini ya vitenge. Nimetoa blanketi moja ili yaenee, na utalalamika kwa uzito. Hayana muhuri. Mengine yana mchuzi. Mbuga nzima iliyobaki ndiyo hiyo. Barua hii iko ndani ya lile la juu, kwenye ukurasa wa ndoo mbili. Sijui utaifungua ukiwa kwenye basi au baada ya mwezi, na nimekubali kutojua.

La mwaka huu nimebaki nalo. Kesho ukishaondoka nitakwenda kidimbwini kuandika kabla mashine haijafika. Patakuwa pakavu, nyufa tu na majani makavu, hapatakuwa na kitu cha kuona. Nitaandika waliosafiri, kwa majina, mmoja mmoja, na mwezi waliokuwa wakirudi.

Leo jioni ulipokwenda Mvumi kumuaga shangazi yako, baba yako alikuja kutoka stoo na gunia la alizeti begani, akasimama mbele ya mlango wako.

"Panya wamezidi kule," akasema. "Haya nayahamishia kwa Seche. Si chumba kitakuwa kitupu?"

"Hakitakuwa kitupu. Mwenyewe amesafiri."

Akanitazama, gunia bado liko begani. "Hata hajaondoka."

"Basi ndiyo kabisa."

Akaguna. "Siku hizi umekuwa Malogo," akasema, akageuka, akalirudisha stoo.

Mama yako.

Saa saba na nusu usiku. Upepo umetulia. Kitanda chako kimelia mara mbili, kisha kimya. Nalala.

Alfajiri, kabla ya kuiweka barua ndani ya daftari: neno la mwisho hapo juu si kweli, nimelikata. Nililala saa tisa na robo.